Vibunda Kumi na Viwili vya Kinyozi

Kwa yule aliyefungiwa nyama na gazeti la wiki jana kabla hajamaliza kulisoma, nirudie kwa ufupi aibu yangu ilipokuwa imefikia.

Mimi ni Nthiga, mzaliwa wa Ishiara, na mwaka ule korona ilipoingia nilikuwa kinyozi hapa Kangeta kwa mwaka wa tatu. Tulipoambiwa tukae mbalimbali, nilifunga duka kwa siku chache ili nipange viti upya na kutafuta dawa ya kusafishia mashine. Nikabandika karatasi mlangoni: TUMEFUNGA KWA SABABU YA KORONA.

Kufikia saa kumi jioni, Kangeta yote ilikuwa inajua kinyozi ana korona. Watu wa afya walikuja na magwanda meupe, wakanipeleka karantini siku kumi na nne, nami sina hata kikohozi.

Niliporudi, duka lilikuwa kimya. Nikawaandikia wateja wangu wote ujumbe wa simu: "Mteja mpendwa, tunakujali. Jibu ujumbe huu upate nafasi yako." Miezi ile matapeli wa simu walikuwa wamezidi, na ujumbe wangu ulifanana na wa kwao kuanzia salamu hadi nukta. Wateja tisa waliniblock. Wawili walipeleka namba yangu kwa naibu wa chifu, Madam Angeline, ambaye aliniita ofisini na kunionya nisithubutu tena.

Hapo ndipo tuliachana. Lakini kuna jambo nilikuficha wiki jana, na kwa kuwa nimeamua kutubu hadharani, nilitoe lote.

Sikuwa nahangaika kwa ajili ya duka peke yake. Nilikuwa nampenda Kagwiria, mwalimu wa darasa la nne, binti wa mteja wangu Mzee Mutembei. Tulikuwa tumependana kwa mwaka mzima bila mzee kujua. Shule zilipofungwa, Kagwiria alirudi nyumbani kwao, na mimi nikabaki kumwona kwa mbali akipita na ndoo.

"Rudisha wateja kwanza," aliniambia siku moja kwenye simu. "Ukifunga hilo duka utarudi Ishiara, na ukirudi Ishiara baba hataki hata kusikia. Wateja wakirudi, unaleta wazee wenu, mnaongea na baba vizuri."

Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Bila wateja hakuna duka, na bila duka hakuna Kagwiria. Nilikuwa tayari kufanya lolote, na hilo ndilo lililoniponza.

Siku ya Jumanne nilipita sokoni, kwa rafiki yangu Kinoti, ambaye kazi yake ni kufunga miraa. Ndege za kupeleka mzigo Mogadishu zilikuwa zimesimama, miraa imejaa mpaka chini ya meza, na bei imeanguka. Kinoti alikuwa ameketi anafunga polepole kama mtu asiye na safari.

Kando yake niliona kibunda kimoja tofauti na vingine. Kilikuwa kinene, kimefunikwa jani bichi la mgomba, kimefungwa fundo safi la kamba ya mgomba. Mzee mmoja alikuja kukichukua. Alikipokea kwa mikono miwili, akaondoka nacho bila kupiga soga.

Nikajiambia, hicho hakuna mtu atakiblock.

"Kinoti, kile ni kitu gani?"

"Kile ni cha heshima. Kinapelekewa mzee."

"Nifungie kumi na viwili."

Kinoti aliacha kufunga. "Ngapi?"

"Kumi na viwili. Wateja wangu wale wa kila wiki ni wazee kumi na wawili. Nataka wajue sijawasahau."

"Wewe uko serious?"

"Serious kabisa."

"Na watu wenu huko Ishiara wanajua hii maneno?"

"Wajue ya nini? Hii ni shughuli yangu mwenyewe."

Kinoti akavuta rundo la miraa. "Sawa," akasema. "Mimi ni wa kufunga tu."

Niliketi pale nikaandika kadi kumi na mbili kwa mkono wangu. "Mzee, duka la Nthiga liko wazi. Mashine inasafishwa kwa dawa mbele ya macho yako. Mtu mmoja kwa wakati. Ukija na barakoa utanyolewa bila hofu." Chini nikaweka namba ya simu. Ili zisiloweshwe na mvua, nilizitia ndani kabisa, katikati ya miraa, kabla Kinoti hajafunika jani.

Mwendeshaji wa bodaboda alivipeleka vyote asubuhi ya Jumatano, nyumba baada ya nyumba, vikionekana na kila mtu barabarani. Jina la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la Mzee Mutembei. Sikuwa na nia yoyote ya siri kwake. Alikuwa mteja, basi.

Siku hiyo hakuna aliyepiga simu.

Alhamisi asubuhi aliingia msichana mrefu mwenye barakoa ya kitenge. Alinawa mikono kwenye mtungi wangu bila kuambiwa, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akakizungusha mara moja na kunitazama.

"Wewe ndio Nthiga?"

"Ndimi. Karibu, lakini hapa hatusuki wanawake."

"Sijakuja kusukwa. Mimi ni Cicily wa Mzee Kiunga."

Mzee Kiunga alikuwa mteja wangu tangu siku ya kwanza, mwenye ndevu zinazomaliza nyembe. Moyo wangu ulichangamka.

"Kibunda kilifika?"

"Kilifika."

"Mzee alikipokeaje?"

"Alifungua."

"Palepale?"

"Palepale. Hata chai hakumaliza. Aliita ndugu zake wawili wakatafuna pamoja, kila mtu na kiti chake, mbalimbali vile serikali inasema."

Nilitamani Madam Angeline angekuwa pale asikie. Hatimaye nilikuwa nimewafikia watu.

"Na kadi aliisoma?"

"Aliisoma. Akasema wewe ni kijana wa adabu. Hata hamjaongea na umeahidi kumnyoa."

"Na mama?"

"Mama alilia."

Sikuelewa vizuri kwa nini tangazo la kinyozi limlize mama wa watu. Nilidhani labda ni ule uchovu wa kukaa nyumbani miezi yote ile.

"Mwambie asilie. Hicho kilikuwa kitu kidogo tu."

"Kidogo?" Cicily aliacha kuzungusha kiti.

"Namaanisha ni mwanzo. Mambo yakikaa sawa nitafanya makubwa zaidi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mnunuzi anayemtazama ndama. "Toa barakoa."

"Hairuhusiwi."

"Toa kidogo nione meno. Nitasimama huko mlangoni."

Nilifikiri ni mambo ya afya. Nikashusha barakoa, nikamwonyesha meno, ya juu na ya chini.

"Sawa," akasema. "Mtakuja lini?"

"Mimi ndiye nije? Nilitaka mzee ndiye aje hapa."

"Baba akuje kwako? Hiyo uliiona wapi?"

"Basi nitakuja na mashine."

"Mashine ya nini?"

"Ya kumnyolea."

Alicheka mpaka barakoa ikamteremka. "Wewe unachekesha. Mama atakupenda. Mkuje Jumamosi, wawiliwawili, ndio Madam Angeline asitusumbue."

Akaenda zake. Nami nilibaki nimesimama katikati ya duka langu, nimejaa furaha ya mtu ambaye mbinu yake imefaulu. Niliacha mlango wazi nikakimbia kwa Kinoti kumpasha habari.

"Kiunga amefungua," nikamwambia.

"Nimesikia. Hongera." Kinoti alinipa kiwiko badala ya mkono. "Kwa hivyo utaoa huko?"

"Kuoa wapi?"

"Kwa Kiunga. Ama unangojea hao wengine wajibu kwanza?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kisha akaniketisha juu ya gunia, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto.

"Ile inaitwa ncoolo. Kijana akipeleka ile kwa mzee, anaomba msichana. Mzee akiacha kufungua, amekataa. Akifungua, amekubali muongee. Akitafuna na ndugu zake, hapo hata mbuzi anaweza kutafutwa."

"Na mzee asiye na msichana?"

"Huyo anajua ameitwa na wazee wenzake kusikiza kesi fulani. Mzee Rwamba amevaa koti tangu jana."

"Kinoti, mbona hukuniambia?"

"Si nilikuuliza kama watu wenu wanajua? Ukasema ni shughuli yako." Alionekana kuumia kidogo. "Mimi nilidhani huko kwenu ndivyo mnaoa. Mnauliza nyumba nyingi, yule anajibu kwanza anachukuliwa."

Nilihesabu vidole. Wazee wanne wenye mabinti, ukimwondoa Mutembei. Wazee saba wasio na binti wa kuolewa. Na ile kadi yangu yenye maelezo yote nilikuwa nimeitia ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuisoma mpaka afungue, na akishafungua amekubali.

Nakiri kwamba kwa kitambo kifupi nilifurahi. Kibunda kimoja kilikuwa kimefika penyewe, kwenye nyumba yenyewe. Kisha simu yangu ikalia ujumbe kutoka kwa Kagwiria.

"Nimehesabu nyumba kumi na mbili. Mimi ni namba ngapi?"

Nilienda kwao kwa miguu, karibu nikimbie.

Mzee Mutembei alikuwa ameketi barazani, na aliponiona nje ya ua wa michongoma aliinua fimbo.

"Simama hapo hapo. Korona."

"Muga, mzee," nikamsalimu.

"Muga. Umekuja kunyoa ama kuoa?"

Nyuma yake, Kagwiria alikuwa anapura maharagwe ya njahi kwa kijiti. Hakuinua kichwa. Na juu ya ukuta, kwenye msumari, kilikuwa kimetundikwa kibunda changu. Jani lilikuwa limeanza kunyauka, lakini fundo halikuwa limeguswa.

"Mzee, kuna makosa yalifanyika."

"Hiyo nimesikia. Nyumba kumi na mbili ni makosa mengi."

"Nilikuwa naita wateja. Sikujua desturi. Vilikuwa vya biashara."

"Kwa hivyo hata hii yangu ni ya biashara?"

Kile kijiti cha Kagwiria kilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kudanganya, na uwongo wenyewe ulikuwa mtamu mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka kueleweka vibaya.

"Hata hicho, mzee. Lakini ningejua maana yake, ningetuma hicho kimoja peke yake."

Mzee aligeuka akakitazama kibunda pale ukutani.

"Hayo umeniambia mimi, hapa kwa ua," akasema mwishowe. "Lakini kitu ilipita barabarani na pikipiki, kila mtu akiona. Sasa watu wanasema msichana wangu ni mmoja wa wale wengi wa kinyozi. Wewe nenda uwaambie hao watu. Ukimaliza ndio nitajua kama nafungua ama natupia ng'ombe."

Kagwiria alinisindikiza, yeye ndani ya ua, mimi nje.

"Nthiga, nikuulize kitu. Si ungewapigia tu simu?"

"Kuwapigia?"

"Ni wazee kumi na wawili. Unampigia mmoja mmoja, unamwita kwa jina. Unasema, ni mimi Nthiga, sikuwa mgonjwa, kuja kesho saa nne. Wanajua sauti yako. Umewanyoa miaka mitatu ukiwapigia hadithi."

Nilimtazama. Nilikuwa nimebandika karatasi, nimeandika ujumbe, nimefunga miraa kwa jani la mgomba, na hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilijiona mjinga kupindukia, na nilimpenda zaidi.

Kabla sijamjibu, pikapu iliyokuwa inatangaza sheria za korona ilisimama nyuma yangu na spika yake juu. Madam Angeline alishusha kioo.

"Nthiga. Wewe tena."

"Madam."

"Mara ya kwanza ulitangaza ugonjwa. Mara ya pili ukatuma SMS ya wezi. Leo niko na wazee wanne kwa ofisi wanaongea mambo ya ndoa, na mmoja na koti anauliza kesi ni ya nani." Hakupandisha sauti, jambo lililonitia hofu zaidi. "Jumamosi saa kumi, sokoni. Watu kumi na watano ndio wanaruhusiwa. Wazee kumi na wawili, wewe, mimi, na dereva wa spika. Utasema vibunda vyote vilikuwa vya biashara. Umesikia? Vyote. Ukitoa hata kimoja, hizo nyumba zingine zitasema mmewadharau, na mimi sitaki vita juu ya korona."

Pikapu ikaondoka. Kagwiria alikuwa amesikia kila neno. Alirudi kwenye njahi zake bila kuniaga.

Ijumaa nilipiga simu. Nakwambia, nilipiga mpaka sikio likawaka moto. Wale walioniblock niliwapigia kwa simu ya Kinoti.

"Mzee Rwamba, ni mimi, Nthiga kinyozi. Nimepiga kuomba msamaha."

"Kwa hivyo hakuna kesi?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nakuita unyolewe."

Alivunjika moyo kweli. "Si ungesema. Mimi kichwa imejaa nywele tangu mwezi wa tatu. Niwekee kesho saa tatu."

Na ndivyo ilivyokuwa kwa karibu wote. Wazee saba wasio na mabinti walicheka. Watatu kati ya wale wenye mabinti walinikaripia kwanza, kisha wakacheka, kisha wakauliza kama dawa ninayosafishia mashine inachoma ngozi. Nikawaambia haichomi. Kufikia saa nane mchana nilikuwa na miadi tisa, zaidi ya niliyopata mwezi mzima. Sauti ya mtu na jina la mtu, basi. Ningejua mapema nisingekula chakula cha karantini.

Alibaki Mzee Kiunga. Simu yake haikupatikana. Nilipiga mara sita, kisha nikajikaza nikaenda kwake.

Mzee hakuwepo. Nilimkuta mkewe, Mama Cicily, amefagia uwanja wote mpaka langoni. Kando ya ghala alikuwa amefungwa mbuzi dume mweupe, mnene, anatafuna majani bila wasiwasi wowote.

"Mama, nimekuja kueleza kitu," nikaanza.

"Usisimame kwa jua, mwanangu." Tayari alikuwa ameweka kiti chini ya mparachichi na stuli kando yake. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa wimbi, akakiweka juu ya stuli, akarudi nyuma hatua mbili ili tusikaribiane. Macho yake yalikuwa yanang'aa juu ya barakoa.

"Mzee ameenda kwa dada yake kumwambia. Cicily ni wa mwisho, unajua. Nilikuwa nimeanza kufikiria hii korona itamwacha hapa nyumbani. Kunywa kwanza, tutaongea."

Nilipaswa kusema pale pale. Maneno yalikuwa mawili tu, si ndoa. Nilifungua mdomo, nikamtazama yule mama, nikamtazama yule mbuzi.

Nikanywa uji. Aliponiongezea, nikanywa tena. Nikamwambia ni mtamu, nikashukuru, nikaondoka nikijiambia Jumamosi spika itamaliza kazi niliyoshindwa.

Jumamosi saa kumi, sokoni palikuwa pamechorwa duara za chokaa ili watu wasikaribiane. Wazee kumi na wawili walisimama kila mmoja ndani ya duara lake. Sheria ya watu kumi na watano ilifuatwa vizuri kabisa katikati ya soko. Kwenye baraza za maduka pande zote, watu wengine wapatao mia moja walikuwa wanajifanya wanangoja kununua chumvi.

Nilimwona Mzee Kiunga amevaa kofia mpya. Nyuma yake, barazani, walikuwepo Mama Cicily na Cicily. Upande wa pili wa barabara alisimama Kagwiria, peke yake. Mzee Mutembei alikuwa amekuja na kibunda mkononi, fundo lake bado likiwa zima.

Madam Angeline alinipa kipaza sauti. "Vyote," akaninong'oneza.

"Wazee wangu," nikasema, na sauti yangu ikaruka juu ya mabati ya Kangeta. "Mimi ni Nthiga. Sikuwa na korona. Ile SMS ilikuwa yangu, na haikuwa ya wizi. Duka liko wazi, mashine ni safi, na kila mtu atapewa saa yake ili tusikutane wengi."

Watu walipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, nilikuwa nimesema jambo na watu wakaelewa lilelile nililosema. Nilisikia machozi yakinikaribia, nikayameza.

"Vile vibunda nilivituma bila kujua maana yake. Naomba msamaha kwa kila nyumba. Vilikuwa vya kuita wateja. Vyote."

Madam Angeline aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na kunyoosha mkono achukue kipaza sauti. Ng'ambo ya barabara, nilimwona Kagwiria akigeuka kuelekea kwao. Hakuharakisha. Aligeuka tu kama mtu aliyekuwa anajua jibu tangu mwanzo.

"Isipokuwa kimoja," nikasema.

Kagwiria alisimama.

"Cha Mzee Mutembei hakikuwa na maana ya posa nilipokituma. Leo kinayo. Mzee, namwomba Kagwiria. Nitaleta wazee wetu kutoka Ishiara, wawiliwawili, siku utakayosema."

Madam Angeline alifumba macho. Mzee Mutembei akainamia kibunda chake na kuweka kidole kwenye fundo.

"Ngoja kwanza, Baba Kagwiria." Ilikuwa ni sauti ya Mama Cicily. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza kwa upole, na hilo ndilo lililoniua. "Huyu kijana jana alikuja kwangu. Nilimwambia mzee ameenda kumwambia dada yake. Nikampa uji, akakunywa vikombe viwili, akasema ni mtamu. Hakuniambia si ndoa. Sasa mimi nielewe namna gani?"

Kidole cha Mzee Mutembei kikasimama.

Kagwiria alikuwa ameshavuka nusu ya barabara. "Nthiga," akaniita. "Ulikunywa?"

Nilitaka kueleza. Nilitaka kusema juu ya jua, juu ya yule mbuzi, juu ya macho ya yule mama. Nilisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

"Nilikunywa," nikasema, na Kangeta nzima ikasikia.

Mzee Kiunga alivua kofia yake mpya na kuitazama. Cicily alimshika mama yake mkono. Niliona aibu kuliko siku niliyopakiwa kwenye gari la karantini, maana siku ile sikuwa na kosa.

Mzee Mutembei hakufungua kibunda, wala hakukitupa. Alimgeukia binti yake.

"Mwalimu," akamwambia, "nifungue ama niache?"

Kagwiria alimpa baba yake ishara ya mkono angoje. Alimalizia kuvuka barabara, akapita katikati ya duara za chokaa bila kuzitazama, akapita mbele ya Madam Angeline, akaja kusimama karibu nami kuliko sheria inavyoruhusu. Akashusha barakoa. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo spika," akasema.